Mkunga na Mkubwa Wake

Watu wa mtaa wetu wakimtaja Mkunga siku hizi huanza na lile jiwe. Mimi nitaanza na mikono, kwa sababu mikono ndiyo niliyoijua kwanza, na kwa sababu sioni haki mtu aliyepokea watoto wa nusu ya mtaa akumbukwe kwa kitu kilichokaa juu ya rafu.

Naandika kwenye daftari la binti yangu lililobaki kurasa. Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo msitegemee mpangilio. Jambo moja nataka liwe wazi hapa mwanzoni: katika mabaya yanayosemwa juu ya Mkunga mmo uongo mmoja wa kweli, na uongo huo ni wangu. Yeye ndiye aliyeubeba. Nitaufikia. Mkiniona nazungukazunguka, mjue nauogopa.

Mikono basi. Ilikuwa mifupi, minene, kucha zimekatwa mpaka karibu na nyama. Akishaosha aliiinua juu, maji yakichuruzika kwenye viwiko, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha mpaka ikauke. "Mikono kwanza" ndiyo ilikuwa salamu yake. Alisema hivyo wodini, alisema hivyo harusini kabla ya pilau, na siku moja alimwambia bwana mmoja mkubwa wa ofisi aliyekuja kumshika mtoto wake wa kwanza.

"Nimetoka kuosha sasa hivi," bwana akasema.

"Umeosha wapi? Bomba liko nyuma yangu na hujanipita."

Bwana akaenda kuosha. Suti yake ililowa mpaka kwenye tai.

Mimi nilikuwa mfagiaji kwenye kituo cha uzazi cha hapa Garissa. Mkunga alikuwa Mkamba wa upande wa Mwingi, Kisomali hakukijua, na akina mama wetu wengi Kiswahili chao ni cha sokoni tu, na uchungu ukishika hata hicho kinatoroka. Siku moja mama mmoja alikuwa analia maneno ambayo hakuna muuguzi aliyeyaelewa. Mkunga akageuka akaniona mlangoni.

"Wewe wa ufagio! Kisomali unajua?"

"Ni changu."

"Na Kiswahili?"

"Kidogo."

"Weka ufagio chini. Osha mikono."

Tangu siku ile nikawa mkalimani. Hakuna karatasi iliyoandika hivyo, kwenye orodha nilibaki mfagiaji, lakini akitaka nitafsiri aliinua kidevu kuelekea kwangu, hivi, kama mtu anayeonyesha njia akiwa amebeba mzigo kwa mikono miwili. Sheria yake ilikuwa moja. "Usiniongezee, usinipunguzie. Akinitukana, niletee tusi lenyewe, zima."

Nikamletea. "Anasema wewe ni ngamia dume."

"Mwambie ngamia dume anasema asukume."

Nikamwambia. Yule mama alicheka katikati ya uchungu, na nadhani kicheko ndicho kilichomtoa mtoto, ingawa Mkunga alisema mtoto alikuwa anakuja tu, hajui vichekesho. Sitaki kumpa sifa ambayo mwenyewe aliikataa.

Akina mama walimwita Umuliso, ndiyo mkunga kwa Kisomali. Alipenda jina hilo. Alipostaafu hakurudi kwao. Alipanga chumba cha simenti nyumba tatu kutoka kwangu, upande wa kuteremkia mtoni, na watu wakaendelea kumwita: mwenye mimba amevimba miguu, mtoto amegeuka, mzazi ana homa. Alikwenda na begi lake na ukali wake. Maana alikuwa mkali, hilo nalo niliandike. Aligombeza wasichana wa miaka kumi na tisa mpaka nikawa napata taabu kutafsiri. Alisema ana subira, na sijawahi kuiona. Alicheka sana wanawake wanaowafunga watoto wachanga hirizi, na mimi nikamwambia, "Na wewe na jiwe lako?" Akasema, "Jiwe langu haliwekwi kwenye kitovu cha mtoto." Nami nilikuwa nimeona vitu vilivyowekwa kwenye vitovu.

Sasa jiwe. Mara ya kwanza kuliona nilikuwa nimempelekea maziwa ya ngamia. Mlango ulikuwa wazi, nikaingia. Pembeni kulikuwa na rafu, juu yake kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, kikombe cha maji, kipande cha mkate, na chetezo chenye ubani ule ule tunaonunua sote sokoni. Katikati alisimama kiboko. Hakusimama kwa miguu minne kama wa mtoni. Alisimama wima kama mtu, tumbo mbele, matiti yamelala juu ya tumbo, miguu ya simba, na mgongoni magamba ya mamba.

Nilisimama na maziwa yangu.

"Huyu ni nani?" nikauliza. Mpaka leo sijui kwa nini sikusema hiki ni nini.

Akaniambia bila kificho. Wamisri wa zamani sana, kabla ya Nabii Musa, walikuwa na mungu wa kike wa wanaojifungua, Taureti, na kwa lugha yao jina hilo ni sawa na kusema Mkubwa. Alimjua kwa mkunga mmoja mgeni waliyefanya kazi pamoja kwenye kambi za wakimbizi, mwanamke aliyemwomba Taureti kabla ya zamu. Mkunga alikuwa amechoka miaka ile. Alikuwa amewapoteza akina mama wawili katika wiki moja, na kanisani kwake mchungaji alikuwa mwanamume aliyezungumza juu ya uzazi kama anayezungumzia nchi ambayo hajafika. "Nilitaka mtu wa kusema naye," alisema, "ambaye anajua tumbo ni nini."

Mimi ni Mwislamu, na nasema wazi kwamba ile ni shirki. Nilimwambia yeye pia. Akasema, "Najua unavyoona. Ndiyo maana yuko kwangu, hayuko kwako." Tukanywa chai. Siku nyingine niliona haya kwamba nilikunywa, na siku nyingine niliona haya kwamba niliona haya.

Lile jiwe lilikuwa la Kisii, la waridi. Alimwagiza fundi kwa simu, na kupatana na fundi kulichukua miezi. Kiboko wa kwanza alikuja na miguu minne kama wale wa kuuzia watalii. Wa pili alisimama, lakini mwembamba kama karani. Mkunga akampigia: "Nataka mjamzito! Miezi tisa!" Fundi akasema yeye ana watoto saba na hajawahi kuona kiboko mjamzito amesimama. "Basi chonga mke wako, umpe kichwa cha kiboko." Wa tatu ndiye aliyefaa. Sijui mke wa fundi aliambiwa nini. Wa miguu minne akawa wa kuzuia mlango usijifunge na upepo, na yule karani akakalia bili za umeme.

Ibada yake ilikuwa ya asubuhi. Aliosha mikono na mdomo kwa maji yaliyotiwa magadi, yale yale tunayotia kwenye maharage, akavaa shuka nyeupe, akabadilisha maji ya kikombe, akasema maneno machache, akakaa kimya. Baadaye alikula ule mkate. Hilo lilinishangaza. Nilidhani vya mungu hutupwa au huchomwa. "Hapana," alisema, "yeye anachukua kilicho chake, kinachobaki ni cha aliyeleta." Nilimsimulia mama mkwe wangu, aliyezaliwa Griftu katikati ya ngamia na anayemhukumu kila kiumbe kwa adabu zake. Akafikiri, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, kinachogeuza p kuwa b na v kuwa f.

"Yaani anabelekewa chakula, halafu anarudisha sahani imejaa?"

"Ndiyo."

"Ni ubotofu," akasema, "lakini ni mgeni mzuri."

Kulikuwa na wenzake pia, wanaokutana kwa simu. Mwaka mpya wao huingia wetu ukiwa umefika katikati, na siku hiyo alihitaji mtandao, nao mtandao mtaani kwetu ulipatikana vizuri karibu na tangi la maji, ukisimama juu ya kreti. Alisimama pale na shuka yake nyeupe saa kumi jioni, jua linamchoma, mimi namshikia simu. Kwenye kioo walikuwa watu wa nchi za baridi, wengine na sweta juu ya shuka. Waliimba. Mbuzi wa jirani wakaja kusikiliza. Mmoja mwenye kofia ya sufu akamuuliza jambo kwa Kiingereza, na Mkunga alipojibu wote wakaangaliana.

"Amekuuliza nini?"

"Kwamba nakaa karibu na viboko hai, kwa hiyo nikiwa mbele yao nahisi nini."

"Ukamwambia?"

"Nahisi nikimbie."

Na alikimbia kweli. Asubuhi moja tulikuwa tumeenda mashambani kununua matikiti maji, na kiboko mmoja alikuwa amechelewa kurudi mtoni, amelala kwenye mtaro kama gunia. Alipoinuka, sote tulikimbia, lakini Mkunga, na miaka yake sitini na goti lake la kulia, alitupita wote na akaacha kiatu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Nilidhani mtasalimiana!"

"Usichanganye, wewe. Yule ni mnyama. Huyu wangu ni Mkubwa."

"Wamefanana."

"Na wewe umefanana na chifu, mbona hakuna anayekuletea barua?"

Baadaye akanieleza alipokuwa anapumua sawasawa. Wamisri walikaa mtoni kama sisi. Walimwona mama kiboko na mtoto wake majini, na waliona mamba anavyokaa mbali. Wakasema mwenye mimba anahitaji mlinzi wa namna hiyo. "Hawakumpenda," akasema. "Walimwogopa, wakamwomba asimame upande wao." Kisha akanituma nikamtafutie kiatu.

Ramadhani hakula mbele yetu. Chupa yake ya maji aliificha begini, akaenda stoo kunywa, akarudi kidevu kimelowa na uso wa mtu aliyefunga tangu juzi. Sote tulijua. Hakuna aliyesema.

Nimeandika kurasa nyingi na bado sijafika. Basi nifike.

Ilikuwa mwezi wa mvua, baada ya adhuhuri. Lagga, korongo letu la msimu, lilikuwa limejaa maji ya kahawia na njia ya kituo imekatika. Mama mmoja kijana kutoka upande wa Sangailu alikuwa amekuja kukaa kwa shangazi yake hapa mtaani ili azae karibu na hospitali, na uchungu ukamshika pale pale. Chumba cha karibu chenye simenti kavu kilikuwa cha Mkunga. Tukambeba tukamwingiza. Tulipomlaza, uso wake ulielekea rafu.

Mkunga alimpima njia ya mtoto ilivyofunguka. "Sentimita tisa," akasema. "Hakuna pa kwenda. Mikono."

Nikaosha. Uchungu mmoja ulipopita, yule mama akafungua macho, akamwona kiboko amesimama na tumbo lake, sawa na yeye. Akauliza, "Ile ni nini?"

Nikatafsiri. Mkunga akajibu papo hapo, na nayakumbuka maneno yake kama yameandikwa ukutani: "Mwambie ni Mkubwa, mlinzi wa wanaojifungua. Ni imani yangu mimi, si yake. Kama hataki kumwona, nitamfunika."

Akainua kidevu kwangu.

Na mimi nikamwambia yule mama, kwa Kisomali, "Ni mwanasesere. Wa wajukuu."

Nimetafuta sababu miaka yote hii na nimepata mbili, nitaziweka zote. Ya kwanza, niliogopa ataruka kitandani na kutoka mvuani, sentimita tisa. Ya pili, shangazi yake alikuwa mlangoni, na niliogopa atauliza mimi nimekuwa nikiingia nyumba hii miaka mingapi. Ya kwanza ni nzuri zaidi. Ya pili ndiyo kubwa.

Mkunga aliniangalia kidogo. Kisha akavua kitambaa chake cha kichwa, akamfunika kiboko, akafunga fundo chini ya kidevu cha jiwe, akaosha mikono upya, akarudi kazini. Nilidhani ni kwa ajili ya shangazi aliyekuwa mlangoni. Mtoto alizaliwa kabla ya alasiri, msichana, na baba yake aliyekuwa amevuka lagga kwa miguu maji yalipopungua, suruali imekunjwa magotini, akamwadhinia sikioni.

Miezi ikapita. Kisha mwanamke mmoja aliyekwenda kupimwa presha kwa Mkunga akauliza juu ya jiwe, akaambiwa ukweli, akauleta mtaani. Habari ikafika Sangailu, na yule mama akasema kwa simu, "Lakini Umuliso aliniambia ni mwanasesere!"

Hapo ndipo ilipoharibika. Watu wetu wamekaa na Wakristo, na wazungu wa mashirika, na wengine wasioamini chochote. Jiwe lenyewe lingeleta maneno ya wiki mbili. Lakini mkunga aliyemdanganya mwenye uchungu? Kama alificha hili, alificha nini kingine? Alinong'ona nini juu ya watoto wetu walipokuwa wanatoka? Mwanamke wa kwanza akaacha kumwita. Kisha wa tano. Begi lake likakaa nyuma ya mlango, na yule kiboko wa miguu minne akawa analilinda.

Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa ameshasema hataki mikono mingine ila ya Umuliso, kwa sababu mikono hiyo ndiyo iliyompokea yeye. Mama mkwe wangu akaweka kikombe cha chai chini.

"Muabudu sanamu nitafumilia, yeye na Mola wake. Mwongo habana. Mwongo hatamshika mtoto wetu."

Niliinamia sahani. Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Siku mbili baadaye nikaenda kwa Mkunga. Alikuwa anapiga pasi kile kitambaa cheupe. Nikasema, "Yule mama wa Sangailu. Siku ile. Sikumwambia ulivyosema."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimekaa Garissa miaka ishirini na sita. Unadhani nasikia 'sukuma' peke yake? Ulimwambia ni mwanasesere." Akageuza kitambaa. "Wa wajukuu."

"Mbona hukunisahihisha?"

"Alikuwa sentimita tisa. Hakuna anayegombana na mkalimani mama akiwa sentimita tisa. Nikamfunika Mkubwa, maana hiyo ilikuwa haki ya mama, aambiwe asiambiwe."

"Na baadaye? Wanakuita mwongo, Umuliso!"

Akaweka pasi wima. "Baadaye ilikuwa kazi yako, si yangu. Nikisema mimi kwamba mkalimani wangu hutafsiri uongo, ni mama gani atakusikiliza tena? Watauliza na yale mengine yote uliyowaambia miaka yote ile, kama yalikuwa yangu."

Nikamuuliza lile walilokuwa wanauliza wote, kwa sababu nilikuwa naenda kuulizwa. Je, aliwahi kumwombea mungu wake juu ya watoto wetu?

"Asubuhi, kwangu, namwomba anishikie mikono isitetemeke. Mikono yangu. Nikifika kwa mama wa watu, nasema na mama wa watu. Uliwahi kunisikia vingine?"

Nikafikiri kwa haki. Nilikuwa nimesimama karibu naye miaka yote ile. Nilisikia matusi, nilisikia kuhesabu, nilisikia "sukuma". Lingine sikusikia. Lakini nilimwambia pia kwamba sikuwa ndani ya moyo wake, na siwezi kuapa juu ya moyo. Akasema hilo ndilo jibu zuri kuliko yote niliyowahi kutafsiri.

Kwanza nilimpigia mama wa Sangailu. Nilimwambia maneno yale yale ya Mkunga, yote, yakiwa yamechelewa.

"Ningesema amfunike," akasema.

"Alimfunika. Kwa kitambaa chake cha kichwa."

"Nakumbuka kitambaa." Akaongeza: "Lakini ilikuwa haki yangu kuambiwa. Na wewe ni Mwislamu mwenzangu." Hilo nalo ni kweli, na nimeliandika kama alivyolisema.

Kisha nikawaita wanawake wa mtaa nyumbani kwangu, alasiri, chai ya tangawizi na mandazi, nikasema nikiwa nimesimama kwa sababu nikikaa ningenyamaza. Nilipomaliza hakuna aliyegusa mandazi. Binti yangu alikuwa ananiangalia mikono.

Mama mkwe ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo mwongo ni wewe."

"Ni mimi."

"Na yeye alijua?"

"Alijua."

"Akanyamaza?"

"Akanyamaza."

"Abunwasi wawili," akasema, na akachukua andazi. Akalitafuna mpaka likaisha, wote tukimsubiri. "Atazaa kituoni, si kwenye chumba chenye yule mgeni. Umuliso aje huko na mikono yake. Na wewe utatafsiri, lakini mimi nitakuwa mlangoni nasikiliza."

"Binti yangu anajua Kiswahili, mama. Hahitaji mkalimani."

"Nimesema nitasikiliza."

Ikawa hivyo. Mkunga aliingia kama mgeni wa muuguzi wa zamu, akamgombeza binti yangu, akaniinulia kidevu nitafsiri mambo ambayo kila mtu chumbani aliyaelewa, na mimi nikatafsiri neno kwa neno, mama mkwe akiwa mlangoni anatikisa kichwa kama mwalimu anayesahihisha. Mtoto alitoka na sauti kubwa. Wanawake wengine walirudi kumwita Mkunga, wengine hawakurudi tena. Mimi nami kuna mama mmoja ambaye mpaka leo nikimwambia saa ngapi, anamuuliza mtu wa pili. Ana haki.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka huu, kiangazi kilipoanza. Goti lilikuwa limemshinda na macho yanafifia. Mwanawe, mwanamume wa makamo aliyeokoka, mpole, mwenye shati lililochomekwa vizuri, alikuja na gari lake dogo kumchukua akakae naye Mwingi. Kwa miaka hakuwa amekanyaga chumba kile, kwa sababu aliwahi kusikia habari za rafu na hakutaka kuziona. Mama mkwe alileta mtungi wa maziwa ya ngamia, akauweka kwenye buti la gari mwenyewe, akaenda zake bila kuaga, maana kuaga kunamshinda.

Vitu vilikuwa vichache. Begi, pasi, magodoro mawili, yule karani wa bili za umeme. Mkunga akatoka mwisho, amekumbatia kitu kifuani kwa mikono miwili. Jua la saa nne lilikuwa juu yake, na jiwe la waridi lilionekana lote, tumbo na matiti na kila kitu.

Mwanawe akasimama na ufunguo mkononi.

"Mama," akasema taratibu, "hiyo ni nini?"

Mikono ya Mkunga ilikuwa imejaa. Akageuka akaniangalia mimi, na akainua kidevu.

Wao wawili ni Wakamba. Walikuwa na Kikamba, walikuwa na Kiswahili, hawakunihitaji kwa lolote. Na wallahi lile neno lilikuwa hapo hapo mdomoni, limekaa tayari, dogo, jepesi: wa wajukuu. Yule mwana angecheka, gari lingeondoka, na mzee angepanda na Mkubwa wake mapajani bila maneno. Ukweli ungeweza kumwacha Mkubwa hapa kwenye vumbi, au kumwacha Mkunga mwenyewe. Niliyaona yote mawili.

"Ni Mkubwa," nikasema. "Mlinzi wa wanaojifungua. Ni imani yake yeye, si yako. Kama hutaki kumwona, atamfunika."

Mwanawe alimwangalia mama yake. Akaliangalia lile jiwe, mara moja, kama mtu anayepima joto la maji kwa kidole. Akaangalia barabara. Sisi wawili tulingoja, kama tulivyozoea kungoja mtoto alie.

"Amfunike basi," akasema. "Njiani kuna vumbi."

Mkunga akanipa jiwe nimshikie, na mimi, Mungu anisamehe, nikalishika. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Akavua kitambaa chake cha kichwa, nywele zake nyeupe zikatoka, akamfunga Mkubwa fundo chini ya kidevu, akalichukua, akaingia kiti cha mbele. Mwanawe akainama, akavuta mkanda wa gari, akaupitisha juu ya mama yake na juu ya kile kitu kilichofunikwa, akaubana, wawili pamoja.

Kisha yule mwana akajiangalia viganja, akaniuliza bomba liko wapi, aoshe mikono kwanza.